Mtoto Chini ya Taa

Katikati ya miaka ya sabini niliishi Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, na mke wangu, na kazi yangu ilikuwa kusoma mashairi juu ya nuru ya Mungu. Nacheka nikiandika hivyo. Jua la Stockholm mwezi wa Desemba huchungulia saa tatu asubuhi, na saa tisa limeshaaga. Mimi ndiye niliyepewa meza chuo kikuu nichambue tenzi za Kilatini za watawa wa kale wa Ulaya, waliookota nuru kila pembe ya Biblia: ile ya siku ya kwanza ya uumbaji, ile ya kichaka cha Musa, ile iliyoyang'arisha mavazi ya Yesu mlimani. Kilatini nilikipata seminari, kabla sijamwona huyu mwanamke nikaghairi upadre.

Mtoto wetu wa kwanza alikuja kabla ya wakati wake. Hospitali walimlaza ndani ya sanduku la kioo, na kwa kuwa alikuwa na manjano, wakamwashia taa kali za buluu. Alilala uchi chini yake, amefungwa kitambaa cheupe machoni mwanga usimdhuru. Sisi wazazi tulisimama kwenye korido, nyuma ya kioo kingine. Ndivyo walivyowalinda watoto dhaifu siku zile. Waliogopa tungeingia na maradhi.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Kwao mtoto mchanga hufunikwa, hatolewi nje ovyo kabla ya arobaini, wala hatazamwi na kila mpita njia. Jirani yetu, mama wa Kiganda aliyekimbia kwao, alimwunga mkono. "Mama, wewe peleka leso yako," alimwambia. "Mtoto hawezi lala uchi hivyo, watu wanamuangalia tu."

Basi tukapanda treni na kanga aliyokuwa akilala nayo mke wangu, yenye harufu yake. Alitaka nesi alifunike lile sanduku. Nesi akatikisa kichwa: mwanga ule ndio dawa, lazima umfike mtoto ngozini. Nikatafsiri. Mke wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezibuni zile taa.

Nikadhani nina neno la kumfariji. Watawa wangu walipenda mno mfano mmoja: jua hupenya kioo bila kukivunja, na ndivyo Mungu alivyoingia tumboni mwa Bikira. Nikamweleza palepale kwenye korido, kwa sauti ya mwalimu.

"Nuru inapita, mke wangu, hata kama kioo kipo."

"Nuru inapita," akasema. "Na mikono yangu je?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na watawa wale, Mungu awarehemu, hawakupata kumwamsha mtoto anyonye. Niliwakasirikia. Kesho yake maktabani nilifunga kitabu kwa kishindo, mkutubi akainua kichwa, nikajifanya nakohoa.

Alichotaka mke wangu kilikuwa kimoja tu: ampakate mwanawe, watazamane. Nesi aliahidi kwamba mtoto akipata nguvu kidogo watamruhusu. Kila asubuhi mke wangu aliuliza, "Leo?" Nami nikauliza kwa Kiswidi, na jibu likawa labda kesho.

Nguvu hakuzipata. Siku waliyotuita tulikuta taa zimezimwa. Nesi yuleyule, macho mekundu, alitufungulia mlango ambao hatukuwahi kuuvuka, akamweka mtoto mikononi mwa mama yake. Mke wangu akamviringisha ndani ya kanga, na safari hii hakuna aliyemzuia. Kisha akakifungua kile kitambaa, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Macho yalikuwa yamefumba. Alimwinamia, nami nilisimama pembeni nikilia waziwazi.

"Hakuniona," akaniambia. "Kaja, kakaa, kaenda, mama yake hajamwona."

Nilimaliza masomo, nikapewa shahada, watu wakanipa mkono. Tenzi zile nazisoma hata leo, na nyingine nazipenda kweli. Zinaahidi kwamba siku ya mwisho tutasimama mbele ya uso wa Mungu na kuutazama, bila pazia. Sina ugomvi na ahadi hiyo. Ila kila nikisali naomba mwanangu aanze na uso wa mama yake. Mungu angoje kidogo.