Kuku wa Mgeni Rasmi

Tusekile hakuanza kumdharau mumewe kwa siku moja. Alipoolewa naye, Jailos alikuwa bwana mifugo wa Idodi, mwanamume wa mabuti ya mpira na harufu ya dawa ya kupe. Wafugaji walimfuata hata kanisani. Akiitwa, aliinuka katikati ya mahubiri, akavua koti, akaenda kuingiza mkono mpaka begani kumgeuza ndama aliyekwama tumboni mwa mamaye. Huyo ndiye mtu aliyempenda. Dharau ilikuja na cheo.

Mwaka wa sabini na tano Jailos aliteuliwa kuwa meneja wa mradi: Mradi wa Kuku wa Kisasa, katika kijiji kipya cha ujamaa huko milimani Kilolo. Akapewa Landrova, dereva, nyumba ya bati yenye dari, na meza pana kama kitanda. Mabuti aliyaacha Idodi. Alishonesha suti mbili za mikono mifupi kwa fundi wa Iringa mjini, akanunua na kalamu tatu, zote akazichomeka katika mfuko mmoja wa kifuani. Tusekile, ambaye alikuwa mwalimu wa darasa la pili, hakuelewa mtu mmoja angeandikaje kwa kalamu tatu.

"Sasa kazi yako hasa ni nini, baba Anyitike?" alimwuliza jioni moja wakila.

"Kusimamia."

"Kusimamia nini?"

"Mradi. Kupanga, kuratibu, kutathmini. Kazi za mikono zina watu wake."

"Na hao watu wako wapi?"

"Bado hawajapatikana."

Kisha akamweleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba umeneja una njia. Leo kuku, kesho ng'ombe, keshokutwa wizarani. Bwana mifugo huzeekea kwenye kupe zake, lakini meneja hupandishwa. Tusekile akawaza kwamba hata moshi hupanda, akaendelea kumega ugali.

Watu wa kazi za mikono walipatikana baadaye. Walikuwa akina mama wa kijiji, na kiongozi wao alikuwa Roza, Mhehe mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Walijenga banda, wakaezeka, wakaweka majiko ya mkaa ya kuwapa vifaranga joto. Vifaranga vilifika mwezi wa sita kwa lori kutoka Dar es Salaam, masanduku kwa masanduku, wakati ambapo Kilolo baridi yake humkunja hata ng'ombe. Wiki hiyohiyo Jailos aliitwa kwenye semina Morogoro. Akaenda, na ufunguo wa stoo ya mkaa akaenda nao mfukoni.

Mkaa uliokuwa bandani ukaisha. Roza akaja mbio kwa Tusekile, naye akasema kufuli livunjwe. Katibu wa kijiji akasimama mlangoni pa stoo, mikono ameitandaza. "Hii ni mali ya umma, mwalimu. Meneja ndiye mwenye amri." Basi akina mama wakavifunga vifaranga ndani ya khanga, kila mmoja akabeba vyake, wakavipeleka nyumbani mafigani. Vingine vilikufa njiani, vingine vikafa kando ya moto. Jailos aliporudi, amenenepa kidogo na ana begi jipya la semina, alikuta banda limefagiliwa na kifaranga hata kimoja hamna. Alichungulia ndani, leso puani.

"Haya ni matatizo ya awali," alisema.

Hakuuliza vilikufaje. Jambo hilo Tusekile alilishangaa kuliko yote. Bwana mifugo wa Idodi angeingia mpaka ndani, angeinama, angeuliza.

Haukupita muda, habari ikaja kwamba mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam atautembelea mradi kabla ya Sabasaba. Siku hiyo Jailos hakula. Kesho yake akawaita akina mama, akawataka kila mmoja alete kuku wake wa nyumbani, wakae bandani kwa siku ile moja tu.

"Lakini kuku wetu ni wa kienyeji, meneja," alisema Roza. "Huyo mgeni hajui kuku?"

"Mgeni ni mtu wa mipango," alijibu Jailos.

Wakaleta. Si kwa kumwogopa. Walimhurumia, kama unavyomhurumia mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe. Siku ya siku banda lilijaa majogoo, matetea, na kuku vishingo wawili watatu. Mgeni rasmi alipita kwa miwani yake nyeusi, akina mama wakiimba, Jailos nyuma yake akieleza habari za mbegu bora na ukuaji wa kasi. Mgeni akafurahi mno. Akasimama juu ya kiti na kutangaza kwamba mradi kama huu haufai kufichwa milimani, na kwamba kuku wote, bila kubakiza hata mmoja, wapelekwe Iringa kwenye maonyesho, taifa lione.

Nyimbo zikakatika. Roza akamtazama Jailos. Akina mama wote wakamtazama Jailos. Neno moja tu lingetosha, na hata kikohozi kingeweza kuwa mwanzo wake. Jailos alipiga makofi, akawa wa kwanza.

Tusekile alikuwa amekaa jukwaani, kwenye viti vya wake wa wakubwa. Baadaye alijiambia kwamba uongo angeweza kuusamehe, maana uongo ni ugonjwa wa mtu mwenye hofu. Yale makofi hakuweza.

Jioni akina mama walikuja nyumbani. Jailos alipowaona dirishani aliingia chumbani, akamnong'oneza mkewe, "Waambie nimesafiri."

Tusekile akafungua mlango. "Kamwene, mama zangu. Karibuni. Meneja yupo, yuko chumbani, anatoka sasa hivi."

Jailos akatoka, huku anajifunga vifungo vya shati ambavyo havikuwa vimefunguka. "Kina mama," alisema, "mmejitolea kwa ajili ya taifa."

"Taifa lingekuja kutuomba lenyewe," alijibu Roza. "Sisi tulikupa wewe."

Jailos akatamka maneno mengi: awamu ya pili, fidia, mchakato. Walimsikiliza mpaka alipomaliza, kisha wakaaga kwa adabu. Adabu ile ilimchoma Tusekile kuliko tusi.

Alfajiri ya pili yake alipanda lori la viazi pamoja na Roza na wenzake, wakashuka Iringa. Kwenye uwanja wa maonyesho waliwakuta kuku wao ndani ya wavu, juu yake kibao: MAFANIKIO YA UFUGAJI WA KISASA. Mlinzi wa banda, kijana aitwaye Mika, akawazuia.

"Mimi ni mke wa meneja wa mradi," alisema Tusekile. "Nimetumwa kuchukua kuku."

"Una barua, mama?"

"Mke wa meneja aje na barua?"

Mika akafungua palepale. Katika yote ambayo kazi ya mumewe ilimpatia, hilo peke yake ndilo lililowahi kumfaa. Akina mama wakaingia, kila mmoja akamwita wake: huyu kwa kilemba kilichokatika, huyu kwa kidole kilichopinda, huyu kwa ukali wake tu. Lakini wengine waliita na hakuna kuku aliyekuja.

"Wakubwa walikuwa wengi jana," alisema Mika, akitazama chini. "Na chakula kilipungua."

Waliorudi na kuku waliwaahidi waliorudi mikono mitupu kwamba watawapa vifaranga vya kwanza vitakavyoanguliwa. Walipatana wakiwa wamekaa juu ya magunia, kabla lori halijamaliza kupanda milima. Hapakuwa na semina.

"Umenimaliza!" Jailos alipiga kelele alipopata habari. "Umeniua, mama Anyitike! Nitasimamishwa!"

Hakusimamishwa. Huko juu ilisemekana kwamba kuku wa mradi wameibiwa kwa sababu ya ubora wao, na meneja akapewa pole. Kabla mwaka haujaisha alihamishiwa Mbeya kusimamia mradi mkubwa zaidi, wa ng'ombe wa Usangu, mwenyewe akikaa mtaa wa Ilomba mjini, mbali na ng'ombe hao. Tusekile alimkunjia suti zake vizuri, akamwambia yeye ana darasa la kufundisha.

Alimtembelea mara moja, wakati wa likizo. Nyumba ilikuwa na makochi na redio kubwa.

"Ng'ombe wanaendeleaje?" alimwuliza.

"Tumepata Landrova mpya," alijibu Jailos, macho yakimng'aa, akamchukua nje kumwonyesha.

Tusekile aliizunguka, akaisifu rangi, akalala siku mbili, akapanda basi. Alipofika Kilolo alimkuta Roza anapalilia maharage kando ya njia.

"Bwana meneja hajambo?"

"Hajambo," alisema Tusekile, akautua mzigo wake. "Amenenepa."