Kibonde cha Mama

Zamani, kabla sponji haijatulaza wote namna moja, kila godoro la mtaa ule lilipita mikononi mwa Pamba. Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti cha ubatizo, likipumzika. Kutwa alikaa barazani akifumua magodoro yaliyochoka, akiichapa pamba kwa fimbo mpaka itutumke, kisha akiirudisha na kushona kwa sindano ndefu. Jioni alikuwa na mvi mpaka kwenye kope. Akijipangusa, anarudi kijana.

Alikuwa Mkristo wa aina inayowasumbua Wakristo. Wengine husikia neno kanisani wakaitikia amina, likaishia hapo kwa heri. Pamba alilichukua kama agizo la mteja: limesemwa, lifanyike. Siku ya mahubiri ya mwenye nguo mbili, alitoa koti moja kabla ya chakula cha mchana. Kwa bahati mbaya lilikuwa la shemeji yake aliyekuja kutembea. Alipoambiwa asali chumbani mlango ukiwa umefungwa, alitundika mlango kwanza, maana chumba chao kilikuwa na pazia tu. Mkewe aliushukuru mlango ule kuliko mahubiri mengi.

Jambo moja tu lilimshinda: dada yake.

Mama yao alipofariki, dada mtu, mpishi wa shule, ndiye aliyebaki na godoro lake. Siku moja dada akiwa kazini, Pamba alipita kwake, akalitazama kwa jicho la fundi. Limelala upande, katikati limebonyea. Akasema moyoni, upendo ni matendo. Akalifumua, akaichapa pamba, akaliacha limenona kama mkate. Dada aliporudi alipitisha kiganja juu yake, akakaa sakafuni.

"Kibonde cha Mama kiko wapi?"

"Kibonde gani, Dada? Nimelitengeneza. Si lilikuwa limekufa?"

"Nilikuwa namkuta humo."

Hapo mwenye akili angenyamaza. Pamba, aliyeshinda juani akitegemea asante, akasema, "Mtu mzima unalilia shimo?"

Ulimi hauna mfupa. Dada alimfungulia mlango atoke, na tangu hapo wakawa wanasalimiana kupitia watoto. Pamba alimwombea kila usiku. Kumwombea kulikuwa rahisi, kwa sababu anayeombewa hajibu.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mwana wa dada alipopata kazi mbali na kuamua kuhama na mama yake.

"Baba watoto," mkewe Pamba alisema, "wifi anaondoka Jumapili. Na kwa miguu yake ile, harudi."

"Tutamwombea safari njema."

"Mwombee ukiwa mlangoni kwake."

Jumapili Pamba alikwenda kanisani kama kawaida, na jogoo wa sadaka, miguu imefungwa. Somo likawa lile la mtu anayefika madhabahuni na sadaka mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana kinyongo naye: aiache pale, aende wakapatane kwanza. Waumini wakatikisa vichwa kwa utamu wa maneno. Pamba akainuka, akapita katikati ya viti, akamlaza jogoo mbele ya madhabahu, akageuka.

"Fundi, sadaka bado!" mchungaji alimwita.

"Ndiyo hiyo, mchungaji. Mimi nina safari."

Jogoo alibaki akiyajibu mahubiri, na wapo waliosema hakukosea sana.

Kwa dada, lori lilikuwa uani, vibarua wakikaza kamba. Godoro lilikuwa bado chini, juu ya mkeka. Dada alimwona, na kwa mara ya kwanza hakutafuta mtoto wa kumtuma.

"Kanisa limeungua?"

"Dada, nimekuja kuomba msamaha. Si kwa godoro tu. Kwa lile neno."

"Maneno yako mengi. Lipi?"

"La shimo."

Kibarua akauliza kama godoro lipande, Dada akamwambia angoje.

"Unaweza kukirudisha?"

Fundi mwingine angeahidi. "Siwezi," Pamba alisema. "Nikipunguza pamba katikati litabonyea, lakini hatakuwa yeye. Bonde halishonwi, Dada. Linalaliwa."

"Basi lala."

"Nini?"

"Lala nione. Ubavu wa kushoto."

Pamba, na suti yake ya Jumapili, akavua viatu, akalala. Vibarua wakaacha kamba.

"Kunja miguu. Zaidi! Mama hakuwa twiga. Mkono chini ya shavu."

Akauweka. Akafumba macho, na magoti yake yakajipanga yenyewe, kwa maana yeye ndiye kitinda mimba aliyelala nyuma ya mgongo ule mpaka akaota meno ya pili. Mabega yakaanza kumtikisika. Dada akakaa ukingoni mwa godoro, akamshika kisogo, akakuta chembe ya pamba, akaitoa.

"Kumbe na wewe unalilia shimo," alisema.

Baadaye akapaza sauti, "Haya, pakieni. Na wewe, ukija kunitembelea utalala humu, hivyohivyo."

"Itachukua miaka, Dada."

"Ndiyo maana nasema uje."

Akawa anakwenda, mwaka hata mwaka, akilala amejikunja kama kamba wa baharini na kuamka shingo imekakamaa. Asubuhi dada alipitisha kiganja juu ya godoro, taratibu, mpishi anayeonja chumvi.

"Bado," alisema, na kwenda kumchemshia chai.