Beseni la Karembo

Nilipokuwa darasa la nne, nyumbani kwetu Uthiru tulikuwa na farasi. Watu hudhani natia chumvi, lakini alikuwepo, jike la kijivu aliyeitwa Karembo, na ndiye aliyetulisha. Jumamosi na Jumapili Baba alimpeleka bustani ya mjini, watoto wakapanda na kupigwa picha. Siku nyingine alishinda kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kumnywesha maji kwa beseni kubwa la plastiki.

Wiki hiyo mwalimu alitufundisha kuhusu kipindupindu. Vyombo vya maji visuguliwe, alisema, tena kwa dawa. Nami nilikuwa mtoto wa kutii mwalimu kupita kiasi. Nililichukua beseni la Karembo lililojaa utelezi wa kijani, nikalimiminia sabuni ya unga na dawa ya kutoa madoa, nikasugua mpaka mikono ikawasha. Nilisuuza kidogo tu, maana mfereji ulikuwa wa mgao. Likang'aa, nikajiona daktari.

Jioni Karembo aliteremsha kichwa, akapuliza pua, akageuka.

Shosho, mamake Baba, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Mikono yake ilisimama.

"Msimlazimishe," alisema. "Mnyama wa kazi akikataa maji, ameona ndani uso wa kile kinakuja kumchukua."

"Mami, ni maji tu imeharibika," Baba alijibu. Alikuwa na mafua mabaya, hata sauti ilikuwa imekwama puani.

Kesho yake Baba akaleta maji ya kisima cha jirani. Karembo akakataa. Baba akasukuma mkokoteni hadi Kangemi, akarudi na mitungi ya maji safi kuliko tuliyokunywa sisi. Akakataa. Tukakinga ya mvua. Maji tuliyabadilisha kila mara, beseni likabaki lile lile, na kila mara nililisugua upya kwa dawa, kwa sababu niliuogopa ule uso na nilitaka kuufuta.

Siku ya tatu Baba alipiga magoti bandani, akachota maji kwa viganja kutoka beseni. "Kunywa, mama. Kidogo tu." Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akibembeleza hivyo. Nilisimama pale na kitambaa changu cha kusugulia beseni.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Dagoretti, akaweka sikio ubavuni. "Tumbo imefunga. Amekaa bila maji siku ngapi?"

"Lakini tumempatia!" Baba alisema. "Tumempatia hadi ya mvua!"

Daktari alimpitishia maji kwa mpira puani, lakini alikuwa amechelewa. Karembo alikufa asubuhi, kabla sijaenda shule.

Majirani wakiwa wanachimba shimo la kumzika, Shosho aliliinua beseni kulisogeza. Akasita. Akanusa, akanusa tena. Kisha akanitazama, na vidole vyangu vilikuwa vimebabuka. Alilibeba hadi mwisho wa shamba akalichoma moto, akasema kwa sauti, wote wasikie, "Niliwaambia. Aliona kifo ndani ya maji."

Nilimwamini kwa miaka mingi. Iliniuma, lakini kifo kikija chenyewe, mtoto ana lawama gani?

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kupanda farasi upande wa Ngong Road. Mtunza farasi alikuwa akisugua ndoo kwa nyasi na maji matupu. Nikamuuliza mbona hatumii sabuni.

"Zii, madam, hapana. Akiskia hiyo harufu, hata ukae hapo wiki mzima, hawezi kunywa."

Niliona tena Shosho akilinusa lile beseni, na jinsi alivyonitazama.

Yeye tulishamzika. Baba yupo, macho yamefifia. Baada ya Karembo aliishia kuwa mlinzi wa usiku mpaka uzeeni, na kila nikienda Uthiru lazima aurudie ule mkasa. "Mama yangu alijua," husema. "Ni mimi sikumsikia. Ningemsikia, huyo farasi angeishi."

Nikimweleza habari ya ile dawa, nitamwondolea lawama aliyoibeba bure, lakini pia nitamvunjia imani yake kwa mamake. Basi humwongezea chai, nikakubali kwamba Shosho alijua.