Barua Tuliyomshitakia Muuguzi Duni

Muuguzi Duni Haroub hana uso wa kufurahisha watu, na mimi sitamsingizia. Mwanamke wa Jambiani, kafanya kazi wadini miaka ishirini na miwili, na sauti yake ni ya mtu aliyekulia kuitana na mama yake aliye mbali kwenye mashamba ya mwani baharini. Akiwakuta jamaa wamekizunguka kitanda wanachezea simu, huwatoa kama kuku walioingia jikoni. Lakini kabla ya kumgusa mgonjwa husugua viganja vyake mpaka vipate joto. Na kila analotaka kufanya humwambia kwanza, hata aliyekwisha kupotewa na fahamu: “Bismillahi, Bi mkubwa, nnakugeuza ubavu wa kulia.”

Mama yangu, Bi Thuwaiba, alilala kwake siku kumi na tisa, kitanda cha nne. Saratani ya ini. Daktari alituita ujiani nje ya wadi, mimi na kaka yangu Sleiman, akatwambia dawa ya kutibu haipo tena, iliyobaki ni ya maumivu. Sleiman akasema palepale, “Mama asiambiwe.” Daktari akaitikia kwa kichwa akaenda zake, nami sikumpinga. Ndivyo tulivyo mji mzima. Mtu anakufa mbele ya macho yetu, sisi tunamhadithia harusi ya mwezi wa Mfunguo Tatu na nani kashona nguo gani.

Mama alikuwa na mdogo wake, Bi Kazija, khaloo wetu, anakaa Chwaka. Miaka kumi na moja hawasemezani. Bibi yetu alipofariki, mama alimwosha na kumtoa akazikwa adhuhuri bila kumsubiri Kazija, ambaye alipofika mjini aliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini. Hakumwona mama yake hata uso. Akaapa mbele ya wafiwa wote kwamba yeye na Thuwaiba hawataonana tena ila kwa kuzikana. Kwa hiyo Kazija angetokea hospitali, mama angejua anakufa bila kuambiwa na yeyote. Ndiyo maana hatukumpigia simu.

Na mama kila siku alikuwa na neno moja. “Nkitoka hapa, kwanza n'takwenda Chwaka. Kwa miguu yangu, nkamwombe radhi Kazija.”

“Inshaallah mama, Jumatatu unatoka,” Sleiman humjibu.

Jumatatu. Mpaka leo nikilisikia neno hilo nataka kuvunja kitu.

Duni alilisikia mara mbili akaendelea na kazi yake. Mara ya tatu alitufuata ujiani. “Mnamwahidi Jumatatu gani?”

“Tunamtia moyo,” alisema Sleiman.

“Mnamwibia siku zake. Anazo chache, na nyinyi ndio mnaozila. Mwiteni nduguye.”

“Wewe kazi yako sindano.”

“Sindano nshapiga,” alisema Duni, akarudi ndani.

Asubuhi ya pili mama alimwuliza mwenyewe. Mimi nilikuwa nakunja kanga zake. “Mwanangu Duni, nnakufa?”

Duni aliweka kikombe chini, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumshika mkono. “Bi Thuwaiba, unataka nkujibu?”

“Nataka.”

“Dawa ya kukuponesha hatuna. Ya kukuondolea maumivu nnayo, na sitokuachia uumwe. Siku si nyingi.”

Mama hakupiga kelele wala hakuzimia, yote yale tuliyoyaogopa. Alisema, “Basi niitieni Kazija.” Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe ulikuwa unajua.”

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Sleiman alipofika na kusikia, aliandika barua ya malalamiko saa ileile: muuguzi amemkatisha mgonjwa tamaa, amemtangazia kifo. Akanipa kalamu nikatia sahihi. Nilimwonea haya mama, haya ile nikaigeuza hasira, na hasira nikamtupia aliyekuwa karibu. Bora niliseme hili mwenyewe kabla hajanisemea mtu.

Lakini Kazija nilimpigia. Alikuja kesho yake baada ya adhuhuri, na mlinzi akamzuia getini: saa ya kuona wagonjwa imekwisha, arudi saa kumi. Juu, pumzi za mama zilikuwa zimebadilika, zinakuja moja moja. Duni hakuwepo wadini. Alikuwa ofisini kwa matroni, anajibu barua yetu.

Nikagonga mlango, nikasema Kazija kanipigia simu, kazuiwa getini. Alinitazama usoni mara moja, akaiacha karatasi na nusu ya sentensi yake, akashuka mpaka getini. Alichomwambia mlinzi sikukisikia. Nilimwona tu anarudi kamshika Kazija mkono, mbio. Alimsogezea mama mtandio pembeni ya sikio. “Kusema hawezi. Kusikia anasikia. Sema.”

“Thuwaiba, mimi Kazija,” alisema khaloo. “Nshakuwia radhi, duniani na akhera. Na wewe niwie.”

Vidole vya mama vilijifunga kwenye vyake, na havikufunguka mpaka alipokata roho, kabla ya alasiri. Aliyemwosha ni Kazija, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Wiki iliyofuata Duni alihamishiwa chumba cha mafaili, kupanga kadi. Nilikwenda kwa matroni kuifuta sahihi yangu. Akaniambia barua imeshafanyiwa kazi, na kwamba Duni ni hodari ila hafuati taratibu. Taratibu! Mtu mwenye mikono ile anapanga kadi, na waliomfikisha hapo ni mimi na kaka yangu, watu wa sala tano.

Nikateremka mafailini. “Da Duni, niwie radhi.”

Hakuinua kichwa. “Mimi nshakuwia. Lakini kitanda cha nne kalazwa bibi mwengine, na wanawe wanamwambia Jumatatu.”

Nikapanda ngazi. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Kabla sijamwuliza hali ya mgonjwa, akaninong'oneza, “Tafadhali, usimwambie kitu.”

Nikamshika mkono nikamvuta mpaka ujiani, kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu, nikamwambia, “Mama yangu kafia kitanda kile. Kaa chini unsikilize.”