Hata Mgeni Asipotee

Wiki jana binti yangu alirudi kutoka shule na agizo. Siku hizi unajua mwenyewe mtaala huu mpya unavyotuzungusha: leo mzazi tafuta udongo wa mfinyanzi, kesho leta maganda ya mayai, keshokutwa wewe ndiye unafuma kikapu na mtoto anatazama katuni. Safari hii ilikuwa ramani. "Mama, mwalimu amesema tuchore pale ulikulia. Ati anataka kujua kila mtu ako na kipaji gani." Akanitandazia karatasi ya manila mezani. Mimi huyo, nikaenda jikoni kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Sijachora kitu tangu darasa la nne.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya Plateau, nyumba za mabati katikati ya mahindi, na baridi ile ya asubuhi ya kukufanya uvae sweta mbili na bado meno yagongane. Nyanya aliniamsha kwa kelele za sufuria. Nilikunywa chai ya maziwa, nikala kiazi kitamu kilichochomwa kwenye jivu, halafu nikaanza kutafuta kisingizio. Tumbo, jino, sikio, hakuna kiungo ambacho sikuwahi kukiugua. Shule niliiogopa kwa sababu sikujua kusoma. Herufi hazikutulia machoni pangu. Mwalimu wa darasa la tatu aliniita kichwa maji mbele ya watoto wote, na kiboko chake nilikijua kuliko alfabeti.

Kisha nikaingia darasa la nne, kwa Madam. Madam hakuwa wa kabila letu. Wazazi wake walinunua kipande cha shamba kijijini kabla mimi sijazaliwa, naye akajenga hapo hapo, nyumba ndogo yenye mlango wa kijani na mti wa plamu. Na alikuwa na mambo yake, jamani! Kijana aliyeshindwa kukaa kitini hata dakika mbili hakumchapa, alimfundisha kuzidisha huku akiruka kamba. Binti wa mwenye duka, ambaye alipenda kuimba kuliko kula, alitutungia mito yote ya Kenya wimbo, na mpaka leo mito hiyo ninayo kichwani. Walimu wengine walimcheka, ati darasa lake ni soko. Jibu lake lilikuwa moja: "Huyu mtoto kuna kitu anajua. Ni mimi bado sijajua ni nini."

Kwangu alichukua muhula mzima kujua. Alikuwa na desturi kwamba mtoto akikosa shule siku mbili, darasa zima linaenda kumwona Ijumaa, kila mmoja amebeba kitu: yai, kuni, chupa ya mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Siku moja aliugua mwenzetu aliyekaa mbali, na hakuna aliyeweza kueleza njia ikaeleweka. Nikachukua kijiti nikaichora chini: daraja la magogo, kinu cha posho, ua wa miiba ya kayaba, boma la mzee wa maziwa, yule jirani aliyezungusha maziwa kwa baiskeli. Madam akachuchumaa, akatazama, akatazama tena. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe ulikuwa umejificha hapa!"

Juma lililofuata alileta manila nne akazigundisha pamoja, nikachora kijiji kizima. Kila nyumba ilibidi niiandike jina mwenyewe. Basi herufi zilizonisumbua vitabuni zikatulia juu ya paa za watu niliowajua. KWA NYANYA. KWA MZEE WA MAZIWA. KWA MADAM, na mti wa plamu nikaupaka matunda mekundu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, nakwambia kweli. Madam alisimama nyuma yangu akisema, "Andika vizuri, hata mgeni asipotee." Tukaipigilia ukutani kwa misumari minne. Nyanya alikuja kuiona amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Desemba, shule ikiwa imefungwa, watu wakapiga kura, na mambo yakaharibika. Malori yakaleta vijana ambao sikuwahi kuwaona. Nyanya alinifungia chumbani, lakini moshi uliingia, na nikasikia mabati yakilia kwa moto upande wa kwa Madam. Yeye na mtoto wake walikimbia kupitia mabua ya mahindi hadi barabarani, polisi wakawapeleka mjini, kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho. Nyanya alijaribu kumpelekea unga, akarudishwa njiani akilia. Baadaye tulisikia Madam yuko mbali, anauza mboga, na hafundishi tena.

Shule ilipofunguliwa, mlango wa darasa ulikuwa umevunjwa na madawati mengi hayapo. Wenzangu wengi pia hawakuwapo. Ukutani ilibaki misumari minne, kila mmoja na kipande kidogo cha manila. Nilikuwa na miaka kumi, na hakuna aliyeniambia, nilijiambia mwenyewe: vijana wa malori waliichukua. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Hata matunda niliyapaka rangi ili wasikosee mti. Sikumwambia mtu, wala Nyanya, na penseli ya rangi sikuishika tena. Mwalimu aliyekuja baada ya Madam alikuja na kiboko, na mimi nikaona ni haki yangu.

Jumamosi nilimchukua binti yangu tukaenda kijijini. Nyanya tulishamzika. Kwa Madam sasa ni mahindi, yamepaliliwa vizuri, na mti wa plamu umekatwa. Mzee wa maziwa bado yupo, macho yameingia ukungu, anaota jua kwenye kiti cha plastiki. Nilimsalimia, nikampa sukari na majani ya chai, halafu nikamuuliza. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto.

"Mzee, ile ramani ya shule, ile nilichora. Ndiyo walitumia kupata kwa Madam?"

"Ramani gani, msichana wangu? Tuliingia darasani kutoa madawati ya kufunga barabara. Hiyo karatasi tuliwashia moto." Akavua kofia, akaipangusia macho. "Wale wa malori walibaki kwa barabara. Kwa Madam tuliingia sisi. Nani angetuonyesha? Mimi nilikuwa napeleka maziwa huko kila asubuhi."

Nilidhani siku nikisikia kwamba si mimi, nitapumua. Miaka yote hiyo nimemwomba Mungu isiwe ramani yangu. Nikiwa nimesimama pale mbele ya yule mzee, aki nilitamani ingekuwa hiyo.

Tuliporudi nyumbani tulichora. Mkono haukuwa umesahau: daraja, kinu, kayaba, kila kitu mahali pake. Nilipomaliza matunda mekundu, binti yangu akachukua kalamu.

"Hapa tuandike ni kwa nani?"

"Kwa Madam."

"Bado anakaa hapo?"

"Andika tu, mwanangu. Andika vizuri."