Zuleikha katika Nyumba ya Wakenya

Zuleikha Mhina aliingia Doha na watu wa Kombe la Dunia. Si wachezaji wala watazamaji. Watu wa kutandika vitanda. Hoteli moja mpya ilikuwa ikisomba wasichana kutoka Tanga, Singida na Unguja, na yeye wakati huo alikuwa akikopesha vitenge mitaani Muheza, mumewe keshahamia kwa mwanamke mwingine Handeni. Aliona heri nusu shari kuliko shari kamili. Binti yake Mwajuma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele, akamwacha kwa bibi yake, akapanda ndege.

Mpira ulipokwisha na wageni wakarudi makwao, hoteli ikapunguza watu kama mkulima anavyopunguza miche ya mahindi: ing'oke mingine ili mingine inenepe. Zuleikha alikuwa katika iliyong'olewa.

Aliyemwokoa alikuwa Idrisa, Mzanzibari aliyekuwa dereva wa basi la shule, mtu aliyejua kila mlango wa Mswahili mjini humo.

"Kuna nesi wa Kikenya anatafuta mtu wa kumlelea mtoto," alimwambia. "Anataka Mswahili hasa. Nenda, lakini nenda na akili zako."

"Kwani Wakenya wana nini?"

"Wana kazi," Idrisa alisema. "Sisi tuna vibarua."

Nesi huyo aliitwa Kwamboka, mwanamke wa Kisii mwenye kicheko kikubwa na miguu iliyovimba kwa kusimama wodini. Yeye na mumewe Tom, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya bima, walikuwa wamepanga ghorofa Al Thumama, mahali ambapo ndege zinazotua huonekana mpaka magurudumu. Mtoto wao, Chelsea, alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Tom ndiye angekuwa kafili wa Zuleikha, yaani jina lake ndilo lingeandikwa kwenye kibali chake cha kuishi.

"Usiniite madam, tafadhali," Kwamboka alimwambia siku ya kwanza, kabla hata hajaweka begi chini. "Wewe ni dada yangu. Niite Mama Chelsea. Na mtoto atakuita auntie. Aki nimefurahi! Nataka huyu aongee Kiswahili kizuri, si hiki chetu cha kuvunjavunja."

Zuleikha alitabasamu, akasema, "Haya, Mama Chelsea." Kwao Tanga neno dada lina mifuko miwili. Mmoja ni wa ndugu yako wa tumbo moja. Wa pili ni wa msichana wa kazi. Alijua fika atatiwa mfuko upi, hata kama ataonyeshwa ule mwingine. Hata hivyo, kuonyeshwa kulimpendeza. Hotelini hakuna aliyejisumbua hata kumdanganya.

Na kusema kweli mwanzo ulikuwa mtamu. Kwamboka akirudi zamu alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni jikoni huku mgongo ameuegemeza kwenye friji, na Zuleikha akamtilia chai ya tangawizi. Hapo yalisemwa mengi. Waligundua kwamba walizaliwa mwaka mmoja, kwamba wote wawili walikwenda shule pekupeku, na kwamba mama zao wote walikuwa wanawake wa jembe wasiojua kusoma. Kutoka hapo njia ziliachana. Mama yake Kwamboka aliuza kipande cha shamba la chai, binti akaingia chuo cha uuguzi. Mama yake Zuleikha hakuwa na cha kuuza. Kwamboka alifunzwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Zuleikha alikutana nacho sekondari, akakijua zaidi kwa fimbo kuliko kwa maana, na mtihani wa kidato cha nne ukamwangusha kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani kwao aliyeizungumza.

Sasa wote wawili walikuwa wageni katika nchi moja, chini ya paa moja. Karatasi za Kwamboka zilimwita mtaalamu, na mtaalamu mwenye mshahara unaotosha huruhusiwa kuleta familia. Za Zuleikha zilimwita mtumishi wa nyumbani, na mtumishi wa nyumbani huja peke yake. Basi katika nyumba ile kulikuwa na mama wawili na watoto wawili: mtoto mmoja alilala kitandani, wa pili alikaa kwenye simu.

Ijumaa ilikuwa siku ya Zuleikha. Wenye nyumba walipokwenda kanisani Mesaimeer, yeye alivaa baibui lake na kwenda chumbani kwa mke wa Idrisa, ambako Watanzania walikusanyika kula na kusengenya. Mazungumzo hayakukosa kufika kwa Wakenya. Wenzetu wana chama, walisema. Mwenzao akifa, maiti inafika kwao kabla ya machozi kukauka; sisi marehemu wetu yule mlinzi alisubiri mochwari mpaka tukaona haya kuulizana nani katoa na nani hajatoa. Wengine walisema Wakenya wana roho ya kunyang'anya. Wengine walisema sisi ndio tumezubaa. Zuleikha alisikiliza zote mbili, akaona zote zina uvivu ndani yake, akaendelea kula.

Kisha Ijumaa yake ikaanza kuliwa, kidogo kidogo, kama panya anavyokula sabuni. Kwanza Kwamboka alimwomba apike pilau moja tu, kuna wageni wa kanisani. Wageni wakaisifu pilau. Ijumaa iliyofuata wakaja tena, wakaja na wenzao. Haikupita muda Zuleikha akawa anajua wageni wa Kwamboka kuliko watu wa kwao.

Siku moja, sahani zikiwa zimejaa, mgeni mmoja aitwaye Wesley, mhasibu, alilamba vidole akasema kwa sauti ya mtu asiyejua kuwa jikoni kuna masikio:

"Hawa Watanzania ni watu poa, wallahi. Shida yao ni moja: wapole sana. Ndiyo maana hawaendi mbali."

Watu wakacheka. Zuleikha, mkono ukiwa ndani ya sufuria ya kachumbari, alisubiri asikie sauti ya Kwamboka. Aliisikia. Ilikuwa ikicheka pamoja na zingine, si kwa nguvu, lakini ikicheka.

Akapeleka kachumbari mezani. Wesley akamwambia ahsante sana kwa Kiswahili chema.

Mwaka ulipozunguka, Kwamboka alirudi kutoka wodini akipiga vigelegele tangu kwenye lifti. Kanada imemkubali. Yeye, Tom na mtoto. Alimkumbatia Zuleikha wakazunguka jikoni, na Zuleikha akafurahi naye, maana furaha ya mtu uliyemwona amechoka huambukiza. Alipotulia ndipo akauliza:

"Na mimi, Mama Chelsea?"

"Wewe usijali. Tutakupangia. Siwezi kukuacha hivi hivi."

Wiki zilizofuata nyumba ikaanza kuvuliwa nguo. Kochi likapigwa picha. Friji ikapigwa picha, na mashine ya kufulia, na kitanda cha mtoto. Picha zilirushwa katika kundi la WhatsApp la Wakenya wa Doha, na kila jioni akaja mtu wa kugonga meza kwa kidole na kubishana bei. Asubuhi moja Kwamboka alimwambia Zuleikha, "Simama hapo dirishani, kuna mwanga mzuri. Nataka kumbukumbu." Zuleikha akajitengeneza ushungi, akatabasamu.

Siku mbili tatu baadaye akaja mwanamke aitwaye Millicent, nesi pia, mkazi wa Al Rayyan, kuangalia kochi. Kwamboka alikuwa bafuni anamwogesha mtoto. Millicent alikaa kwenye kochi, akalidundadunda, akaridhika. Kisha akamgeukia Zuleikha na kumtazama kuanzia miguuni.

"Ni wewe yule dada wa kwenye tangazo?"

"Tangazo gani?"

"Si hili." Millicent akatoa simu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia.

Zuleikha aliona friji. Aliona mashine ya kufulia. Chini yake akajiona yeye, dirishani, na ushungi wake alioutengeneza vizuri. Maneno aliyasoma polepole: mpole, mwaminifu, anajua kupika, anapenda watoto, hana mambo mengi. Anapatikana mwisho wa mwezi.

"Unaumwa mgongo ama miguu?" Millicent aliuliza. "Yule wangu wa mwisho alikuwa analalamika mgongo kila siku. Na una watoto kwenu? Kwa sababu sitaki mtu wa kulia na simu."

"Kochi ni zuri," Zuleikha alisema. "Chukua kochi."

Akaenda jikoni, akasimama mbele ya sinki. Maji aliyafungua, akayafunga. Hakulia. Kilichompanda hakikuwa kilio. Kilikuwa kitu kikavu kama mchanga unaoingia kinywani upepo unapovuma.

Millicent alipoondoka, akamfuata Kwamboka chumbani.

"Mama Chelsea, umenitangaza pamoja na friji."

Kwamboka alikuwa anamfunga mtoto taulo. Uso ulimbadilika. "Zule, usichukulie vibaya. Nilikuwa nakusaidia. Ulitaka nikuache tu, upate mtu mbaya? Millicent ni mtu wa kanisa letu, anamjua Mungu."

"Ungeniuliza."

"Nilikuwa na mambo mengi kichwani!"

"Uliniambia nisimame dirishani. Ulikuwa na nafasi ya kuniambia nisimame, hukuwa na nafasi ya kuniambia kwa nini."

Kwamboka akaketi kitandani. Aliposema tena, sauti ilikuwa kali, lakini ukali wenyewe ulikuwa na machozi nyuma yake. "Unadhani mimi huku nimekaa kwa raha? Unajua wodini wananichukulia aje? Nesi wa Kizungu anakuja jana, cheti ni kile kile, kazi ni ile ile, anapata zaidi yangu kwa sababu ya rangi ya pasipoti yake. Mimi ndiye namwonyesha dawa ziko wapi! Mgonjwa ananiangalia anauliza, hakuna nesi mwingine? Miaka yote hii nimemeza. Kwa nini unafikiri naenda Kanada?"

Zuleikha alimtazama mwanamke yule waliyekunywa naye chai sakafuni.

"Kumbe ulikuwa unajua linavyouma," alisema.

Chelsea, aliyekuwa katikati yao na taulo kichwani, aliuliza kwa Kiswahili safi cha Tanga, "Auntie, mbona mwagombana?"

Kwa Millicent hakwenda. Alimpigia simu Idrisa, na Idrisa, aliyekuwa na haki ya kumwambia nilikuonya, hakumwambia. Alimtafutia nafasi katika dobi moja kubwa huko Al Rayyan, panapofuliwa mashuka ya hoteli na ya mahospitali. Tom alitia saini karatasi za kuhamisha kibali haraka, bila kumtazama machoni. Alikuwa mtu asiyependa maneno.

Siku ya safari Kwamboka alimwomba jambo moja la mwisho. "Twende wote mpaka uwanja wa ndege, tafadhali. Chelsea akikuona hatasumbua. Ukimshika mpaka pale mwisho, atalala."

"Siendi," Zuleikha alisema.

Tangu aingie nyumba ile hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kukataa, na likamwumiza aliyelisema kuliko aliyeambiwa. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akamvalisha soksi, akamkabidhi. Mlango wa lifti ulipojifunga alikuwa bado akisikia anaitwa, auntie, auntie, sauti ikishuka ghorofa moja baada ya nyingine. Alibaki peke yake katika nyumba isiyo na kochi.

Dobi lilikuwa na joto la kuchemsha ubongo. Mashuka yalitoka kwenye mashine mazito kama maiti iliyozama, na wanawake wawili wawili waliyanyoosha kabla ya kuyapitisha kwenye pasi kubwa. Aliyepangwa naye alikuwa Mkenya, Kerubo, naye wa Kisii. Zuleikha alimsalimu kwa baridi. Siku ya tatu Kerubo akashindwa kuvumilia.

"Nimekukosea nini?"

Zuleikha akamwambia yote, shuka likiwa limetanda kati yao. Kerubo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kibaya kisicho na raha.

"Hao manesi wa Al Thumama? Dadangu, kwao hata mimi ni Mtanzania. Nilienda kanisa lao mara moja. Waliniuliza niko hospitali gani. Nikasema mimi nafua mashuka ya hospitali. Hakuna aliyeniuliza swali la pili."

Tangu siku hiyo walinyoosha mashuka bila kununiana. Hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walikuwa watu wanaojua uzito wa shuka moja. Malipo yao yalikuwa sawa, na yalikuwa haba, na chumba walicholala kilikuwa na vitanda vya kupandana mpaka karibu na dari. Kwamboka alituma ujumbe wa sauti kutoka Kanada mara kadhaa: baridi ni kali, cheti chake bado hakijatambuliwa, kwa sasa anawaosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alisema, "Zule, sasa naelewa." Zuleikha alisikiliza ujumbe ule mara moja tu. Hakuufuta, hakuujibu.

Alipopata likizo alikwenda Muheza. Nyumba ya mama yake ilikuwa na bati jipya kwa jasho lake, na Mwajuma alikuwa ameota urefu wa kumfikia begani. Msichana alimwamkia kwa heshima, akampokea begi, akamletea maji ya kuoga. Alifanya kila linalofanyiwa mgeni wa heshima. Jioni Zuleikha aliketi kwenye mkeka, akatoa kitana na mafuta.

"Njoo mwanangu nikusuke."

Mwajuma alisita, akatazama kule jikoni. "Bibi atanisuka, mama," alisema kwa upole. "Yeye ndiye anakijua kichwa changu."

Zuleikha akasema haya, hakuna neno. Akafunika chupa ya mafuta, akatoka uani, akaanza kumenya machungwa ambayo hakuna aliyemwomba. Wiki mbili za likizo zilikuwa bado zimebaki. Kesho yake asubuhi alipanda kilimani penye mnara wa simu, mahali simu inaposhika vizuri, akauliza ndege ya karibu zaidi ya kurudi Doha.