Nilivyoliliwa Zombo nikiwa bado napumua: kisa changu na korona

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa jukwaa hili na mnaochungulia bila kuchangia.

Naandika nikiwa nimetulia na sijanywa kitu. Najua humu wapo ambao wakiona stori ndefu wanauliza sukari iko wapi, wanywe chai. Hii si chai. Mwenye wasiwasi apande pikipiki kutoka Mikumi, ashuke Zombo, aulizie jamaa aliyeliliwa akiwa hai. Ataletwa mpaka mlangoni kwangu, na njiani watamsimulia vibaya kuliko nitakavyosimulia mimi.

Kidogo kuhusu mimi. Nina miaka arobaini na ushee, nimeishia kidato cha nne, na miguu yangu haijawahi kutulia. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Tunduma, nimechimba mawe Mererani, nimeuza mitumba Makambako, nimelima vitunguu Ruaha Mbuyuni.

Kote huko nilikuwa naikumbuka Kilosa ya utotoni. Treni inaingia stesheni, sisi tunakimbilia madirishani na mabeseni ya ndizi, abiria wa bara wanatuita kwa majina ya kubuni na sisi tunaitika.

Nikirudi Kilosa, nakaa kidogo tu, naanza kuikumbuka Tunduma. Ndivyo nilivyoumbwa, msinihukumu.

Sasa twende kwenye ugonjwa.

Kipindi kile nilikuwa Mikumi, kwenye banda la pancha jirani na yanapolala malori. Madereva wanatoka Zambia, wanatoka Kongo, wanashuka wanakohoa, sisi tunawapa mkono na kuwauliza habari za njiani. Barakoa nilikuwa nayo. Niliivaa kidevuni. Ilinisaidia sana, ndevu hazikupata vumbi hata siku moja.

Siku moja mchana nikakaa kwa mama ntilie wetu, Mama Shabani, nikaanza kula wali maharage. Nikatafuna. Hakuna kitu. Nikaongeza chumvi, pilipili, nikakamua ndimu nzima. Bado kama natafuna karatasi.

"Mama Shabani, leo umetupikia maji ya mvua?"

"Kaka, angalia wenzako wanavyoramba sahani. Huo ulimi wako upeleke gereji."

Benchi zima likacheka. Mimi pia nikacheka, lakini nikarudi bandani nikafungua dumu la dizeli, nikainamisha pua na kuvuta pumzi mpaka mwisho. Hakuna harufu.

Wakuu, mtu wa pancha akiacha kusikia harufu ya dizeli, ajue kuna jambo. Nikajua. Halafu nikajifanya sijajua, kama wanaume wengi tunavyofanya.

Jioni homa ikaingia. Viungo viliniuma kama nimekamatwa na wananchi wenye hasira kali. Asubuhi mwenye banda akaniambia kwa upole kwamba nikapumzike nyumbani kwanza. Huo upole aliusemea akiwa ng'ambo ya barabara.

Basi nikachukua bodaboda kwenda Zombo, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu mama. Humo anaishi mdogo wangu, Rehema, na wanawe. Njia nzima nakohoa, na dereva kajikunja mbele kama anataka kulala juu ya taa.

"Kaka, shikamoo," akasema Rehema aliponipokea mlangoni.

"Marahaba."

"Mbona umekuwa na rangi ya jivu?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Akaniwekea mkeka, akawapeleka watoto kwa jirani, akaenda kuchuma majani.

Nadhani wote mnakumbuka habari za kujifukiza. Rehema alichemsha mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, mkaratusi na vitu vingine ambavyo mpaka leo amekataa kuvitaja. Nikafunikwa blanketi zito pamoja na sufuria la majani hayo. Nikatokwa jasho mpaka sehemu ambazo sikujua zinatoa jasho. Rehema yuko nje ya blanketi anauliza, "Kaka, upo?" Nakohoa. "Basi endelea."

Niseme ukweli: nyungu ilinifungua pua. Mapafu haikuyagusa. Nilikuwa nikitoka chumbani kwenda uani napumzika mara kadhaa njiani, na uani kwetu hata kuku mvivu anafika bila kupumzika. Nikilala chali, nahisi kuna mtu amenikalia kifuani. Sentensi siimalizi.

Rehema akasema twende hospitali Kilosa. Nikakataa.

Hapa naomba mnielewe. Kwenye malori nilikuwa nimesikia mengi. Kwamba anayeingia wodi ya korona hatoki. Kwamba akifa anafungwa nailoni, anabebwa na watu waliovaa kama wanakwenda mwezini, ndugu wanaoneshwa kwa mbali. Ilikuwa kweli au uongo, mimi niliamini yote. Nimelala kwenye vyumba vya wageni maisha yangu yote. Kuzikwa na wageni sikutaka. Kama ni kufa, nife hapa, nizikwe pale nyuma ya nyumba karibu na mama.

Rehema alibembeleza. Ni mdogo wangu, atanilazimishaje? Akamwita baba mdogo, ambaye alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi na ana sauti ya kuombea mvua. Akasimama mlangoni, akaniambia kwa heshima zote, "Mwanangu, fikiria." Nikamwambia nimeshafikiria, baba. Akatikisa kichwa akaondoka. Wote waliokuja walinisemesha taratibu, na mimi nikawa nakataa taratibu, na pumzi ikawa inapungua.

Ndipo Rehema akatoka bila kuniaga, akaenda kumwita Da Sikudhani.

Kwa wasiojua mila zetu: koo zina watani. Mtani wa ukoo wako anakutukana na hutakiwi kununa. Anachukua chako na humdai. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuchekesha watu, anaigiza ulivyotembea na ulivyoringa, wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Na likija jambo zito la ukoo, mtani akisema, amesema. Kumkatalia ni aibu ya familia nzima.

Da Sikudhani ni mtani wetu. Tulisoma naye shule ya msingi, siku hizi anauza vitumbua barabarani. Akaingia amejifunga kanga puani, mikono kiunoni, akaniangalia pale mkekani.

"Rehema, huyu mbona hamjamfunga kidevu?"

"Nani, dada?"

"Marehemu."

"Sikudhani," nikasema, "niko... hai."

"Marehemu anaongea. Alikuwa msumbufu tangu darasa la pili."

Akachukua suruali yangu iliyoning'inia kwenye msumari, akaivaa juu ya gauni. Akavaa na buti zangu. Halafu akatoka uani akapiga yowe ambalo nadhani lilifika kijiji cha jirani, Masanze.

"Yooo! Kaka yetu weee! Amekufa mtu wa safari! Kazunguka nchi nzima hakuleta hata mke, katuletea maiti yake! Yooo!"

Kupitia mlangoni namwona anatembea kama mimi, kifua mbele, anasimamisha lori la hewani. "Dereva, nichukue! Popote unapokwenda na mimi nilikuwa nakwenda huko huko!"

Nikacheka. Ndilo lilikuwa kosa. Kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, nikatafuta pumzi nikaikosa, nikawa nakwaruza mkeka kwa kucha.

Da Sikudhani akashusha mkono uliokuwa unasimamisha lori. Akanitazama. Halafu akageukia barabarani, akapiga yowe jingine kubwa kuliko la kwanza.

Sasa wakuu, Zombo yowe la msiba ni yowe la msiba. Majirani wa karibu walijua ni utani. Wa ng'ambo ya barabara hawakujua. Wanawake wakaacha mashamba, wakaja na unga na kuni kichwani. Vijana wakaja na majembe na sururu. Jamaa aliyekuwa anapita na pikapu ya mahindi kutoka Masanze akaona watu, akaegesha na kuvua kofia.

Mimi niko ndani, nawasikia wananililia. Kuna bwana mmoja tuligombana kuhusu mbuzi mpaka ofisi ya kijiji, naye analia, "Alikuwa mtu wa watu." Nilitaka kumwita aingie arudie mbele yangu.

Mama mmoja akaingia kuaga maiti, akanikuta nimekaa nimeegemea ukuta, namtazama. Unga wote aliokuja nao ulibaki sakafuni. Yeye alitokea dirishani, na dirisha letu ni dogo.

Kijana mmoja akachungulia, akauliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo mjomba. Sasa tuchimbe au tusichimbe?"

"Subirini," akasema Da Sikudhani. "Marehemu bado ana kiburi."

Akaja akachuchumaa mbele yangu, na suruali yangu na buti zangu.

"Sikiliza, maiti. Watu wameacha mashamba yao kwa ajili yako. Ama ufe sasa hivi tuzike jua bado lipo, ama upande hilo gari twende Kilosa. Chagua."

"Siendi," nikasema. "Wanizike... wageni?"

"Nani akuzike bila mimi? Nitakaa mlangoni hapo hospitali. Ukifa nakudai mimi, wavae nguo za mwezini, wavae za jua, nakudai. Mtani hanyimwi maiti yake. Nyanyuka."

Nikamtazama baba mdogo, aliyekuwa amerudi na yumo kwenye kundi. Nilitarajia anitetee. Akainua mabega tu.

"Mtani amesema," akasema.

Kesi ikaisha hapo.

Hakuna mwanaume aliyetaka kunigusa, na siwalaumu. Da Sikudhani ndiye aliyeingiza bega lake kwapani kwangu na Rehema upande wa pili, wakanipandisha juu ya magunia ya mahindi. Akina mama wakaanza wimbo wa kuaga. Da Sikudhani akawageukia: "Imbeni wa harusi, mtamchanganya daktari!" Wakaimba wa harusi. Hivyo ndivyo nilivyotoka Zombo, na vigelegele.

Kilosa nesi akauliza, "Mama, wewe ni nani wake?"

"Mtani. Nimekuja kusubiri maiti. Ila mkinipa mzima sitagomba."

Yule nesi si mtu wa kwetu. Alimwangalia kama anataka kuita polisi.

Walinibana kidude cha kupima oksijeni kwenye kidole, wakatazamana. Nikawekewa oksijeni. Wakuu, ile hewa ilipoingia nilikumbuka upepo wa dirisha la treni nikiwa mtoto. Daktari alimwambia Rehema kwamba kama tungesubiri mpaka kesho yake, asingekuwa na la kunifanyia.

Wodini hakukuwa na wachekeshaji. Kuna siku hata kugeuka kitandani ilikuwa kazi ya kupanga. Lakini kila asubuhi, nje ya dirisha, nilisikia sauti:

"Bado tu? Vijana wanauliza majembe wayarudishe au vipi!"

Siwezi kujibu, nanyoosha mkono. Waliokuwa na pumzi wanacheka. Mzee wa Mvumi, kitanda cha jirani, aliniomba taratibu, "Mwambie huyo dada na mimi anitukane." Nikampa ujumbe Rehema. Kesho yake mzee akatukanwa vizuri sana, yeye na ukoo wake. Alitoka kabla yangu, kwa miguu yake.

Nami nikatoka. Niliporudi Zombo nilikuta chakula cha msiba wangu kimeliwa chote, na jogoo wa Rehema pia. Nilipouliza nikaambiwa wafiwa walikuwa na njaa.

Jioni moja Da Sikudhani alipita kunijulia hali. Tukakaa barazani. Nikamshukuru, kisha nikamuuliza lililokuwa linanisumbua: siku ile, aliponiona nakata pumzi, mbona alizidi kupiga yowe badala ya kunionea huruma?

Ndipo akaniambia habari ambayo mimi, mtu wa Mikumi na malori, sikuwa nayo. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa Masanze, alikuwa amefariki muda mfupi kabla sijarudi Zombo. Kifua hicho hicho. Naye alikataa hospitali.

"Yule ni kaka yangu, tena ndiye aliyenilea," akasema. "Ningemtukana vipi? Tulimbembeleza. Kila asubuhi napiga magoti, nampa shikamoo, naye ananiitikia marahaba kwa shida, ananiambia nimwache apumzike. Namwacha. Mpaka asubuhi moja nikampa shikamoo, hakuitikia."

Macho yakaanza kuniwasha.

Akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Sasa usianze kulia hapo," akasema. "Watu watakuja na kuni."

Wakuu, nililojifunza ni hili. Mtu akikosa pumzi, heshima weka pembeni. Awe baba, awe kaka mkubwa, awe bosi. Jifukizeni mkitaka, lakini safari ya hospitali isisubiri mgonjwa aridhike, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hana akili wakati huo. Mimi sikuwa nayo.

Na wewe uliyepona, ni nani aliyekuburuza? Mtaje hapa chini tumjue. Mliombembeleza mtu wenu na hakupona, andikeni pia, tutasoma. Matusi ya watani nayapokea bila kununa. Wengine mniulize kwanza ukoo.